Usiombe Msaada, Omba Kazi: Mwongozo wa Uzamili na Uzamivu kwenye Vyuo vya Ruzuku ya Ardhi vya Marekani

Februari 1933, tufani ya theluji ikivuma, mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin alipakia kwenye gari mtamba wake aliyekufa, mzigo wa majani makavu yaliyoota ukungu na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Akaendesha kilomita karibu 300 hadi mji wa Madison, atafute mtu wa kumwambia ng'ombe wake wanauawa na nini. Ofisi aliyoikusudia ilikuwa imefungwa. Akaingia mlango aliouona uko wazi, ukawa wa maabara ya Karl Paul Link, profesa wa baiokemia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Siku ile hakupata jibu la maana. Lakini Link na vijana wa maabara yake waliifuatilia ile damu miaka sita, na mwaka 1939 wakaipata kemikali iliyokuwa ikiizuia kuganda. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa warfarin: kwanza sumu ya panya, baadaye dawa wanayomeza wagonjwa wa moyo dunia nzima, wa kwetu wakiwemo. Herufi nne za mwanzo za jina hilo, WARF, ni za mfuko wa utafiti wa chuo hichohicho.

Naanza na kopo la damu kwa sababu kila mwezi napokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, naomba unielekeze skolashipu ya Marekani." Jibu langu huwaudhi wengi. Acha kutafuta skolashipu, tafuta kopo la damu. Kwenye vyuo ninavyovizungumzia hapa, pesa ya kumsomesha mwanafunzi wa uzamili au uzamivu kwa kawaida haikai kwenye ofisi ya ufadhili. Iko kwa profesa aliyepewa fedha atatue tatizo la watu fulani, na iko kwa idara yenye mamia ya vijana wa mwaka wa kwanza wanaohitaji mtu wa kuwasimamia maabara na kuwasahihishia kazi. Wewe unakwenda kuifanya kazi hiyo. Malipo yake ni ada kulipwa na posho ya kuishi. Ukilielewa hilo, namna yako ya kuomba itabadilika, na hata barua pepe zako zitasomeka tofauti.

Vyuo hivi ni vya namna gani

Tarehe 2 Julai 1862, Wamarekani wakiwa vitani wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyopewa jina la mbunge Justin Morrill wa Vermont. Kila jimbo lilipewa ekari 30,000 kwa kila mbunge na kila seneta wake. Ziuzwe, na fedha zianzishe chuo kitakachofundisha kilimo na ufundi wa mitambo kwa watoto wa wakulima na mafundi. Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe. Zaidi ya ekari milioni 10 zilitoka kwa makabila karibu 250 ya wenyeji, kwa mikataba ya kulazimishana au kwa kunyang'anywa tu. Anayeijua historia ya walowezi Kenya hahitaji kuchorewa picha.

Mwaka 1887 ikaja sheria ya Hatch, iliyokipa kila chuo cha aina hii fedha za kuendesha kituo cha majaribio ya kilimo. Mwaka 1890 majimbo ya Kusini yaliyokuwa yakiwafungia Weusi mlango yakalazimishwa kuchagua: ama wawapokee, ama wawe na chuo chao. Ndivyo vilivyoingia kwenye kundi hili vyuo kama North Carolina A&T, Florida A&M na Prairie View A&M. Mwaka 1914 ikafuata sheria ya ugani, chuo kikawa na mabwana shamba na mabibi shamba wake kila wilaya ya jimbo.

Herufi A&M unazoziona kwenye majina, kama Texas A&M, ni kumbukumbu ya kilimo na mitambo. Lakini vingi havina alama hiyo: Purdue, Iowa State, Kansas State, Michigan State, Ohio State, Penn State, Virginia Tech, Illinois pale Urbana-Champaign, Minnesota, Nebraska, Florida, California kwa kampasi za Berkeley na Davis. Leo vinafundisha kila kitu, kuanzia uhandisi wa ndege hadi falsafa. Mazao bado yana heshima yake, hata hivyo. Pale Illinois kuna kishamba cha majaribio kilichoanza 1876, kinaitwa Morrow Plots, na walipojenga maktaba ya wanafunzi jirani yake waliichimbia chini ya ardhi ili isiyatie mahindi kivuli.

Na sisi hatuko mbali na vyuo hivi kama tunavyodhani. Sokoine cha Morogoro na Egerton cha Njoro vyote vililelewa kwa sehemu na vyuo vya ruzuku ya ardhi, West Virginia kikiwa mmojawapo wa walezi wa mwanzo. Kuanzia 2011 mradi wa iAGRI, ulioongozwa na Ohio State, ulipeleka Watanzania wengi kusoma uzamili na uzamivu huko. Gebisa Ejeta, mtoto wa kijiji cha Ethiopia, alipata uzamivu wa Purdue mwaka 1978, akazalisha mbegu za mtama zinazostahimili kiduha, gugu linalofyonza mizizi ya nafaka, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Njia aliyopita mtu wa iAGRI imefungwa. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ililivunja shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa likiulipia mradi huo, na miradi mingi ya vyuo hivi iliyokuwa ikilipiwa nalo ikakatika katikati, wanafunzi wakiwa darasani. Kwa hiyo ukikutana na ukurasa wa zamani unaokutajia ufadhili wa aina hiyo, upite. Kilichobaki ni fedha za jimbo, za wizara ya kilimo ya Marekani, za mfuko wa sayansi wa taifa, za vyama vya wakulima wa zao fulani, za kampuni. Zote hizo zinaulizia tatizo la Marekani kwanza. Ndiyo maana hatua ya pili hapa chini nimeirefusha.

Hatua ya kwanza: chagua aina ya shahada, Machi au Aprili ya mwaka unaotangulia

Muhula mkuu unaanza Agosti. Ukitaka kuanza Agosti ya mwakani, kazi yako inaanza Machi au Aprili ya mwaka huu, maana idara nyingi hufunga dirisha la maombi kati ya 1 Desemba na katikati ya Januari. Tarehe za mwezi wa tano au wa sita unazoziona kwenye tovuti ni za wanaojilipia wenyewe. Waliozikimbilia hizo wakitarajia ufadhili nimewaona wengi.

Uzamili uko wa namna mbili. Ule wa tasnifu una utafiti, msimamizi na kamati, kwa kawaida wa miaka miwili na jumla ya kama krediti 30. Wa pili ni wa masomo matupu, na huu kwa kawaida hauna pesa yoyote, kwani haumzalishii profesa kitu. Vilevile ukiona shahada inatangazwa sana kwa picha za vijana wanaocheka, uliza ada yake kabla hujaendelea kusoma.

Uzamivu ni mrefu zaidi, miaka minne hadi sita, lakini pesa yake ni rahisi kupatikana kuliko ya uzamili. Idara nyingi za sayansi na uhandisi hupokea mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Kama una uzoefu wa utafiti, usijipunje: soma masharti, pengine unastahili kuomba uzamivu leo.

Hatua ya pili: mtafute profesa kwa kufuata harufu ya pesa, Mei hadi Agosti

Profesa wa chuo cha ruzuku ya ardhi ana mkataba uliogawanywa kwa asilimia. Mmoja ni utafiti asilimia 60 na kufundisha 40. Mwingine ana ugani asilimia 70 na utafiti 30, yaani kazi yake kubwa ni kuzunguka kwa wakulima. Mara nyingi mgawanyo huo umeandikwa kwenye ukurasa wake wa idara. Usome. Mwenye ugani mtupu ni mtu mzuri wa kuzungumza naye, ila huenda hana nafasi ya mwanafunzi. Mwenye sehemu kubwa ya utafiti ndiye mwenye maabara, na maabara ndiyo yenye viti.

Kisha uliza: jimbo hili linalia nini? Kansas ndilo linaloongoza kwa mtama Marekani. Kijana wa Singida aliyelima mtama na kuusomea anajua mambo ambayo mwanafunzi wa Chicago hayajui, na Kansas State wana sababu ya kumsikiliza. Mississippi na Alabama wanafuga kambare kibiashara; Auburn, chuo cha Alabama, ni jina kubwa la ufugaji wa samaki, sato wakiwemo. Anayetoka Mwanza au Kisumu aanzie hapo. North Carolina wanaongoza kwa viazi vitamu. Texas wana pamba na ng'ombe. Wisconsin ni maziwa. Hata kama wewe ni mhandisi wa maji au mchumi, kanuni ni ileile: mchumi anayejua bei ya mahindi inavyopanda kabla ya mavuno ana la kuzungumza na idara ya uchumi kilimo ya Michigan State kuliko aliyeandika tu kwamba anapenda maendeleo.

Utajuaje nani ana fedha sasa hivi? Kuna njia tatu, na zote ni za bure. Mfuko wa sayansi wa taifa wa Marekani, NSF, una hazina ya wazi mtandaoni inayoonyesha kila ruzuku, kiasi chake, inaisha lini na ni ya nani. Wizara yao ya kilimo nayo inachapisha miradi yake. Ruzuku iliyoanza mwaka huu ni kiti kinachotafuta mtu. Inayoisha mwakani achana nayo. Njia ya pili ni ukurasa wa wanafunzi wa maabara: kama wawili wanamaliza mwakani, patakuwa na pengo. Ya tatu ndiyo niipendayo kuliko zote. Tasnifu za vyuo hivi nyingi ziko wazi mtandaoni. Fungua tano za idara unayoitaka, usisome utafiti, soma ukurasa wa shukrani. Pale mwanafunzi anamtaja aliyemlipia. Ukisoma kurasa tano za shukrani utaijua idara kuliko msemaji wake, na utajua pia ni profesa gani wanafunzi wanamshukuru kwa moyo na yupi wanamtaja kwa adabu tu.

Wa fasihi, historia au isimu wana mlango wao, nao ni Kiswahili chenyewe. Wisconsin, Michigan State, Ohio State, Florida na vingine vimekuwa vikifundisha lugha yetu kwa miaka mingi, na wanaosimama mbele ya darasa mara nyingi ni wanafunzi wa uzamivu kutoka kwetu. Mpango wa Fulbright nao huchukua walimu wasaidizi wa Kiswahili kwa mwaka mmoja. Mwaka huo haukupi shahada, lakini unakupa watu wanaokujua. Nafasi za aina hii hupanda na kushuka na idadi ya wanafunzi waliojiandikisha, kwa hiyo muulize mratibu wa lugha kabla hujaijengea ndoto.

Hatua ya tatu: barua pepe, Agosti hadi Oktoba

Usianze na "Mheshimiwa", na wala usitume barua moja kwa maprofesa arobaini. Wanaonyeshana. Anza na Dokta na jina la ukoo, kisha ingia kwenye hoja, maana kule heshima ni kutompotezea mtu muda. Kwa maana, si kwa maneno, barua inayojibiwa inakaa hivi:

"Dokta fulani, nimefanya kazi miaka mitatu kwenye kituo cha utafiti cha Ilonga, tukipanda mtama kwenye mashamba yenye kiduha. Katika makala yako ya mwaka jana umeonyesha kwamba aina mbili za mbegu zilistahimili ukame lakini zikapungua uzito wa punje. Sisi tuliona kinyume chake kwenye udongo wenye chumvi, na nina takwimu za misimu miwili. Naomba uzamivu kuanzia Agosti ijayo. Je, unatarajia kuchukua mwanafunzi? Nimeambatanisha CV ya kurasa mbili."

Basi. Hakuna habari za kuzaliwa familia duni, hakuna neno "msaada". Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja. Akikaa kimya tena, nenda kwa mwingine bila kinyongo. Akijibu "omba kwanza kupitia idara halafu tutaona", huko si kukataa: kwenye idara nyingine kamati ndiyo inayochagua na profesa hana sauti peke yake.

Akikuita kwa mazungumzo ya video, hesabu saa vizuri. Wakati wa baridi, saa nne asubuhi ya Iowa ni saa moja jioni ya Dar es Salaam. Kiangazi tofauti inapungua kwa saa moja. Tafuta mahali penye umeme wa uhakika, na uwe na swali lako la kumuuliza. Swali zuri: wanafunzi wako waliopita wako wapi sasa?

Hatua ya nne: nyaraka

Transkripti yako itaje alama kama zilivyo na mizani yake. Vyuo vya Tanzania vinahesabu GPA kwa 5, Marekani kwa 4. Aliyeandika 3.9 bila kusema "kati ya 5" ameonekana hodari kupita kiasi, kisha akaonekana mwongo siku transkripti ilipofunguliwa. Usijibadilishie mwenyewe kwa kikokotoo. Wao wana wataalamu wa kazi hiyo.

Barua za mapendekezo ni tatu, na hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia. Tuna mazoea ya mhadhiri kumwambia kijana "andika mwenyewe, nitasaini". Matokeo yake ni barua tatu zenye sauti moja, zote zikikusifu kuwa mchapakazi na mwadilifu. Msomaji wa kule anataka tukio: ulitengeneza nini kilipoharibika, ulishika nafasi ya ngapi kati ya wangapi, ulibishana naye juu ya nini. Mpelekee mhadhiri wako karatasi moja ya kumkumbusha matukio hayo, mpelekee mapema, wiki sita kabla, na umwombe kwa upole atumie anwani ya chuo inayoishia na ac.tz au ac.ke badala ya Gmail. Mzee ataguna. Mweleze kwamba wengine huko hawaiamini barua inayotoka anwani binafsi.

Barua ya malengo isianze na utoto wako. Ianze na tatizo unalotaka kulichunguza, iendelee na ulichokwisha kulifanyia, ieleze kwa nini idara hii na watu gani wawili au watatu ndani yake, imalizie na unachotaka kufanya baadaye. Kurasa mbili zinatosha.

Mitihani kwa kifupi: GRE, mtihani wa jumla wa kuingilia shahada za juu, idara nyingi zimeiacha, angalia kabla hujalipa. TOEFL au IELTS, mitihani ya Kiingereza, bado inatakiwa na wengi, na matokeo hudumu miaka miwili. Wapo wanaomsamehe aliyesoma chuo kikuu kwa Kiingereza; uliza. Kuna jambo moja lisilotangazwa sana: ukipewa kazi ya kufundisha, unaweza kupimwa tena uzungumzaji. Purdue na Iowa State wana mitihani yao wenyewe ya kazi hiyo. Kufeli hakukufukuzishi, ila kunaweza kukuchelewesha kupewa darasa, na darasa ndilo lenye posho.

Ada ya maombi ni makumi ya dola kwa kila chuo. Kabla hujalipa, mwandikie mratibu wa masomo ya uzamili wa idara uombe msamaha wa ada. Wengine wanao uwezo huo na hautangazwi. Omba vyuo vitano au sita ulivyovichunguza, si kumi na tano ulivyovikisia.

Hatua ya tano: kuisoma ofa kama mkataba

Kati ya Februari na Aprili barua zinaanza kufika. Kudahiliwa si kulipiwa. Barua ya shule ya uzamili inayosema "hongera" inaweza isiwe na senti ndani yake. Unachokitafuta ni barua ya idara inayotaja kazi, ama ya usaidizi wa utafiti, wanaiita RA, ama ya ufundishaji, TA. Kazi ya nusu muda ni saa 20 kwa wiki, na hizo ndizo saa za juu kabisa ambazo viza ya mwanafunzi ya F-1 inakuruhusu kufanya kazi chuoni wakati wa masomo.

Soma mambo haya kwa kalamu mkononi. Ada imefutwa yote, au ni ile nyongeza tu wanayotozwa wasio wakazi wa jimbo? Tofauti yake ni maelfu ya dola. Posho ni ya miezi 9 au 12? Michango ya lazima ya chuo inalipwa na nani? Bima ya afya je? Ofa ni ya mwaka mmoja unaorudiwa "fedha zikiwepo", au wamekuhakikishia miaka minne?

Chukulia mfano. Umeahidiwa dola 2,000 kwa mwezi kwa miezi 9, jumla 18,000. Toa michango ya dola 600 kwa kila muhula, 1,200 kwa mwaka. Toa bima, tuseme 1,500. Zimebaki 15,300. Gawanya kwa miezi 12, maana tumbo halina likizo: 1,275 kwa mwezi, kabla ya kodi ya mapato. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo usitarajie nafuu ya upande huo. Sasa linganisha na pango. Kwenye miji midogo kama Stillwater ya Oklahoma au Manhattan ya Kansas (ndiyo, kuna Manhattan nyingine, na ng'ombe wanaonekana kutoka kampasi) kuchangia nyumba na mwenzio kunawezekana kwa fedha hizo. Davis ya California ni habari nyingine kabisa. Posho kubwa ya mji ghali mara nyingi ni ndogo kuliko posho ndogo ya mji wa mahindi.

Ukiona kitu hakieleweki, uliza. Hawakasiriki. Mimi niliona haya kuuliza kuhusu miezi ya kiangazi, nikajikuta Mei sina mshahara hadi Septemba, nikafagia zizi la majaribio la chuo kwa ujira wa saa, na nilishukuru kulipata.

Vyuo vingi vimetia saini makubaliano kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa yenye fedha asishurutishwe kujibu kabla ya 15 Aprili. Ukisukumwa ujibu ndani ya siku tatu mwezi Februari, itaje tarehe hiyo kwa adabu. Na ukishakubali mahali pamoja, waarifu wengine uliowakataa mara moja. Kuna mtu kwenye orodha ya kusubiri anaangalia simu yake kama ulivyokuwa ukiangalia yako.

Hatua ya sita: I-20 na viza

Chuo kitakutumia fomu ya I-20, ambayo ndiyo utakayoombea viza, baada ya kuona uthibitisho wa fedha. Barua ya ofa ndiyo uthibitisho mkuu, na pengo lililobaki utalijazia na taarifa ya benki yako au ya mdhamini. Ukiipata, lipa ada ya SEVIS, mfumo wao wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, jaza DS-160, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, lipa ada ya viza na uweke miadi ubalozini.

Lakini simama kidogo kabla hujalipa chochote. Tangu Juni 2025 Marekani imezuia viza za wanafunzi kwa raia wa baadhi ya nchi, Burundi ikiwa kwenye orodha ya kwanza, na orodha imekuwa ikiongezwa. Fungua tovuti ya ubalozi wa nchi yako wiki hiyohiyo unayotaka kulipa, wala usitegemee kilichoandikwa mwaka jana, mwongozo huu ukiwemo. Mlango ukikutwa umefungwa, mwandikie profesa na shule ya uzamili uombe kuahirisha udahili hadi muhula au mwaka unaofuata. Udahili huahirishwa kwa urahisi. Pesa ya ruzuku ni ngumu kuahirishwa, kwa hiyo zungumza na profesa kwanza.

Ukiitwa kwenye mahojiano, yatachukua dakika chache. Ofisa anataka kujua unakwenda kusoma nini, nani analipa, na utafanya nini baadaye. Uweze kuueleza utafiti wako kwa sentensi mbili ambazo shangazi yako angezielewa. Huruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20, hivyo usikate tiketi ya mapema kwa kufuata bei.

Hatua ya saba: ukishafika

Beba fedha za kuishi wiki sita. Utaanza kazi katikati ya Agosti na malipo ya kwanza yanaweza kutoka mwishoni mwa Septemba, huku mwenye nyumba akitaka kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana. Koti la baridi nunua kulekule, mitumba ya kule ni mizuri na ya Kariakoo haijui Januari ya Minnesota.

Msimamizi wako atakwambia umwite kwa jina lake la kwanza. Itakuchukua muhula mzima, na ulimi utakuwa mzito, ila mwite. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kukaa kimya kwenye kikao, ambako kwetu ni adabu, kule wanakusoma kama hujajiandaa. Mwombe kikao cha kila wiki, na uende na karatasi moja: nilichofanya, kilichonikwamisha, ninachotaka kufanya.

Wastani wako usishuke chini ya B, yaani 3.0 kati ya 4, la sivyo kazi na posho viko hatarini. Mwaka wa kwanza usijaze masomo magumu yote muhula mmoja ili uonekane shujaa; kwenye vyuo vingi krediti 9 tayari ni muhula kamili. Unda kamati mapema: watu watatu kwa kawaida kwa uzamili, wanne au watano kwa uzamivu, na mmoja awe mtu wa takwimu asiyekuogopa. Wa uzamivu watakutana na mtihani mkuu baada ya masomo, wa kuandika na wa mdomo, na huo ndio unaowarudisha watu nyumbani, si utetezi wa mwisho.

Kama utafiti wako utakuja kufanyika kwetu, utahitaji vibali vya pande mbili. Utafiti unaohusu watu lazima upitie bodi ya maadili ya chuo chako cha Marekani. Halafu Tanzania kuna COSTECH, Kenya NACOSTI, Uganda UNCST, na Zanzibar ina utaratibu wake. Uraia wako haukusamehi kwa kuwa tu umezaliwa Kilosa. Anza kuomba miezi sita kabla. Mwenzangu mmoja wa idara ya kilimo aliomba kibali akiwa ameshatua Morogoro, mwezi Juni, na vipimo vyake vya unyevu vikiwa kwenye sanduku. Kibali kilipotoka mahindi yalikuwa yameshavunwa na mabua yameliwa na mbuzi. Alisubiri masika ya mwaka uliofuata.